Sakafu Ndiyo Inayoshuka

Karasha iliyofungwa vibaya hujisema yenyewe. Ukipita pembezoni mwa Katoro, au kwenye mialo ya Lwamgasa na Nyarugusu, unazisikia mashine hizi kabla hujaziona: pipa la chuma linazunguka, gololi ndani yake zinapanda na kuporomoka juu ya mawe ya dhahabu, injini ya dizeli inavuta mkanda. Iliyokaa sawa inanguruma kwa sauti moja nzito. Iliyokaa upande ina kigugumizi kinachorudi kila mzunguko, na mwenye sikio anajua tayari kwamba beringi moja inachemka, mkanda unatafuta njia ya kuruka kutoka kwenye puli, na bolti za msingi zimeanza kulegea. Mawe yatasagika tu, kwa muda. Baadaye mwenye mashine atailaumu beringi.

Mara nyingi beringi haina kosa. Kosa lilifanyika siku ya kwanza, kabla chuma hakijakatwa, pale fundi alipoamua vipimo vyake vyote vianzie wapi. Uamuzi huo hauonekani kwenye mashine iliyokamilika. Hauna rangi, hauna uzito, na hakuna mteja anayeuliza habari zake wakati wa kupatana bei. Ndio ninaotaka kuusifu hapa, kwa kuwa katika kazi nzima ya kuunda karasha sijaona sehemu inayodai akili nyingi kuliko huo.

Katoro ni mji wa barabarani, kwenye njia ya kutoka Geita kwenda Chato na Bukoba, umeshikana na Buseresere kiasi kwamba mgeni anavuka wilaya bila kujua. Anayetaka karasha hapa haagizi kwa katalogi. Anakwenda kwa fundi wa kuchomelea, anataja ukubwa, anaacha pesa ya kuanzia. Fundi ananunua pleti, anakwenda kuiviringisha, anakata pleti mbili za pembeni, anachomelea vipande vya shafti, anatafuta beringi na nyumba zake, anaunda fremu. Kila hatua kati ya hizo inaweza kufanywa vizuri kabisa na mashine bado ikatetemeka, ikiwa hatua hazikukubaliana mahali pa kuanzia.

Mtazame fundi mzuri anavyoanza bila kompyuta. Anatafuta uzi. Anaukaza kati ya misumari miwili, anauweka sawa kwa pimamaji, anauangushia timazi pande zote mbili, anapiga alama sakafuni kwa chaki. Uzi huo hautakuwa sehemu ya karasha na hakuna atakayeulipia. Lakini ndio shafti kabla ya shafti: mstari utakaopita katikati ya pipa, katikati ya pleti za pembeni na katikati ya beringi zote mbili. Kuanzia hapo kila kitu kinapimwa kutoka kwenye uzi. Mguu wa pili wa fremu haupimwi kutoka mguu wa kwanza. Yote miwili inapimwa kutoka kwenye uzi. Asiyejua hupima kutoka ukingo wa pleti, na ukingo uliokatwa kwa gesi una mawimbi ya milimita mbili tatu. Akipima kitu cha pili kutoka cha kwanza, na cha tatu kutoka cha pili, makosa hayo madogo yanarithishana mpaka mwisho wa fremu.

Kompyuta ikiingia kwenye karakana ya namna hii, haibadilishi hekima ya uzi. Inaidai kwa ukali zaidi, kwa sababu programu haina jicho la kusema "hapa karibu panatosha."

Fungua FreeCAD, kwa mfano. Naichagua programu hii, ambayo Mjerumani Jürgen Riegel aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 2002, kwa kuwa ni ya bure na ikishawekwa kwenye kompyuta haidai bando. Ukianza kuunda kitu kipya, kabla hujachora hata mstari mmoja unakuta tayari kuna nukta moja, mihimili mitatu na mabapa matatu. Bapa la XY limelala. XZ na YZ yamesimama, na yote matatu yanakatana kwa pembe mraba kwenye ile nukta. Hayana unene, hayana mwisho, na hayaingii kwenye orodha ya vyuma vya kununua. SolidWorks, programu ya kulipia iliyoingia sokoni mwaka 1995, nayo inakupa matatu: la mbele, la juu na la kulia. Anayeanza huyaficha haraka kwa sababu yanamzibia kioo, kisha anachora popote mkono ulipoangukia.

Chora basi mstatili wa fremu kama unavyoonekana kutoka juu. Uchore ovyo, mistari minne isiyogusana. Kila mstari una ncha mbili, na kila ncha inaweza kwenda kushoto na kulia, mbele na nyuma; kwa hiyo mstari mmoja una namna nne za kucheza, na mistari minne ina kumi na sita. Unaziunganisha ncha kwenye pembe nne: kila pembe inaondoa mbili, zinabaki nane. Mistari miwili unaipa sharti la kulala na miwili la kusimama: zinabaki nne. Unaandika urefu milimita 1,700 na upana milimita 900: zinabaki mbili. Hapa ndipo wengi huinuka kwenda kunywa chai. Umbo lipo, vipimo vipo, macho yameridhika. Lakini ushike mstatili huo kwa kipanya uuvute, nao unateleza mzimamzima kwenye kioo bila kubadilika hata kidogo. Ni fremu nzuri isiyojua iko wapi. Beringi utakayoichora juu yake haitajua iko wapi, na puli haitajua, na siku moja utakapogusa kipimo kidogo upande mmoja, programu italazimika kuamua yenyewe kipi kihame. Itaamua vibaya, maana haijui karasha ni nini.

Fundi anazifunga hizo mbili zilizobaki kwa sharti moja. Anachagua pembe mbili zinazotazamana kwa mshazari, anachagua ile nukta ambapo mabapa matatu yanakutana, anaamuru pembe hizo zilingane kutoka kwenye nukta. Mistari iliyokuwa myeupe inageuka kijani. Kwenye SolidWorks mistari ya bluu ingegeuka myeusi. Nimewahi kuona watu wazima wakitabasamu peke yao kwa ajili ya rangi hiyo.

Lakini tabasamu hilo liwe la tahadhari. Fundi huyo angeweza pia kuiweka pembe ya chini ya kushoto juu ya nukta, na rangi ingekuwa ya kijani vilevile. Kompyuta inajua kuhesabu namna za kucheza. Haijui kama sharti lako lina busara. Fremu iliyofungwa pembeni, ukiirefusha, itakua kuelekea kulia peke yake, na katikati yake itahama. Kilichopaswa kuwa kwenye katikati hiyo kitaachwa nyuma. Fremu iliyofungwa katikati inakua pande zote kwa usawa na shafti haigundui lolote. Tofauti kati ya michoro hiyo miwili haionekani leo. Inaonekana mteja anapobadilisha mawazo, na wateja hubadilisha mawazo.

Kwa hiyo swali la kwanza ni nini kiwekwe pale mabapa yanapokutana, na kuchora kunasubiri jibu lake. Wapo wanaosema sakafu: zege linamwagwa kwanza, mashine inasimama juu yake, basi sakafu iwe sifuri. Kwa nyumba ningekubali. Kwa karasha nadhani wamekosea. Sakafu inabeba tu. Vitu vinavyopaswa kukubaliana bila ubishi, yaani pipa, pleti za pembeni, vipande viwili vya shafti, beringi na puli, vyote vinakubaliana kwenye mhimili wa kuzunguka. Nukta iwekwe ndani ya pipa, katikati ya urefu wake, kwenye moyo wa shafti. Mhimili wa X uwe shafti yenyewe. Bapa la YZ likate pipa vipande viwili sawa, kushoto na kulia. Bapa la XZ lipite wima katikati ya shafti, na lile la XY lielee hewani kwenye kimo cha shafti. Sakafu tutaiongezea baadaye, bapa jingine chini huko.

Pipa sasa ni rahisi. Kwenye bapa la YZ unachora duara. Duara lina namna tatu tu za kucheza: kitovu chake kinaweza kwenda huku na kule, na ukubwa unaweza kubadilika. Unakibana kitovu kwenye nukta, mbili zimekwisha. Unaandika kipenyo, ya tatu imekwisha. Kisha unalirefusha duara kuwa pipa, kwa pande zote mbili za bapa kwa usawa, jumla milimita 1,200.

Kipenyo gani? Mteja amesema milimita 800 kwa nje, na pleti ni ya milimita 10. Pleti inapoviringishwa, upande wa nje unavutika na wa ndani unabanwa, hivyo urefu wa kukata unahesabiwa katikati ya unene: kipenyo cha milimita 790, mzingo wake milimita 2,482. Pleti ya kawaida ya futi nne kwa nane ina urefu wa milimita 2,438. Imepungua kwa sentimita nne na kitu.

"Bosi, kwa pleti hii pipa haliwi hilo. Labda tuunge kipande."

"Kiraka sitaki, fundi. Punguza."

Fundi anaandika 780. Mzingo wa katikati unakuwa milimita 2,419 na pleti inatosha, inabaki milimita 19 za kusawazisha kingo. Kwa kuwa duara lilibanwa kwenye nukta na si kwenye kitu kingine, pipa linanywea kuelekea kwenye shafti kutoka kila upande. Pleti za pembeni, ambazo kipenyo chake kiliandikwa kwa kutegemea hichohicho, zinanywea nalo. Hata mwendo unabadilika. Kwa hesabu za usagaji, pipa lenye kipenyo cha ndani cha milimita 760 na gololi za milimita 80 likifika karibu mizunguko 51 kwa dakika, gololi zinaanza kuganda ukutani badala ya kuporomoka, na kusaga kunakwisha. Likizungushwa kati ya 36 na 38 zinapanda vya kutosha na kuanguka kwa nguvu. Kipenyo ni namba moja kwenye jedwali la vipimo, na puli inayofaa inatafutwa kutokana na namba hiyo.

Vipande viwili vya shafti ndivyo vinavyowaua wengi. Havipiti katikati ya pipa, kwa sababu gololi zingevigonga mchana kutwa. Kila kimoja kinachomelewa kwenye pleti yake ya pembeni, na viwili hivyo vinapaswa kuwa kwenye mstari mmoja ilhali havigusani. Kwenye chuma, njia mojawapo ni kupitisha shafti nzima kwenye matundu yote mawili, kuichomelea, kisha kuikata sehemu ya kati. Kwenye mchoro, jaribu kubwa ni kupima tundu kutoka ukingo wa pleti ya pembeni, kwa kuwa ukingo unaonekana na mhimili hauonekani. Fundi anakataa. Tundu la kushoto anaweka kitovu chake kwenye mhimili wa X, la kulia hivyohivyo. Halilinganishi la kulia na la kushoto. Yote mawili yanaulizwa swali lilelile na kitu cha tatu kisichohama, na kwa hiyo yanakubaliana bila kujuana.

Beringi nazo zinakaa kwenye mabapa mawili mapya yaliyo sambamba na YZ, moja kila upande. Umbali kati yake ni milimita 1,500. Hapa kuna jambo linaloonekana dogo. Ungeweza kuandika 750 kushoto na 750 kulia, namba mbili. Fundi anaandika 1,500 mara moja, kisha anaweka sharti la ulinganifu kwenye bapa la katikati. Na mwenye bidii ya kupita kiasi akiandika yote, 1,500 na 750 na 750, programu inagoma: kuna sharti moja la ziada. Napenda sana ugomvi huo. Kwenye karakana hakuna wa kugoma; karatasi itabeba namba zote tatu kwa upole, fundi mmoja atapima kwa ya kwanza na mwenzake kwa ya pili, na tepu mbili hazijawahi kukubaliana kwenye chuma chenye joto la kuchomelea.

Wazo la kuiambia mashine masharti badala ya kuchora kwa usahihi si geni. Januari 1963 Ivan Sutherland aliwasilisha tasnifu yake pale MIT juu ya programu aliyoiita Sketchpad, iliyofanya kazi kwenye kompyuta ya TX-2. Mtu alichora kwa kalamu ya mwanga mistari iliyopinda pinda, akaiamuru iwe sambamba, au ilingane, au isimame kwa pembe mraba, na mashine ikatafuta jinsi ya kuyatimiza yote kwa pamoja. Ilipita zaidi ya miaka 20 kabla Samuel Geisberg na kampuni yake ya PTC hawajaifanya Pro/ENGINEER, mwishoni mwa miaka ya 1980, kuwa programu ya viwandani ambamo vipimo vyenyewe ndivyo vinavyoliendesha umbo. Na mabapa ni ya kale kuliko kompyuta: Mfaransa Gaspard Monge, kijana kwenye shule ya wahandisi wa jeshi huko Mézières katika miaka ya 1760, aligundua kwamba ngome nzima inaweza kuelezwa kwa vivuli vyake viwili, kimoja sakafuni na kingine ukutani. Jeshi likaificha mbinu hiyo kwa miaka. Aliyewahi kuchora mbele, juu na pembeni kwenye darasa la uchoraji wa kiufundi amemfuata Monge bila kutambulishwa.

Sasa tuugeukie mlango wa pipa, kwani ndio unaowaumbua wengi. Mlango wa kupakia mawe unakatwa kwenye ubavu. Njia nyepesi ni kubofya uso bapa wa kipande chochote kilicho karibu, na kuuchora mlango juu yake. Programu inakubali. Lakini ndani ya kumbukumbu zake uso huo umepewa jina kama "uso wa 6," na namba hiyo ilitokana na mpangilio wa vitu vilivyotangulia. Ukirudi nyuma ukaongeza tundu au ukabadilisha pleti, nyuso zinahesabiwa upya, wa 6 unakuwa mwingine, na mlango wako unaruka kwenda kukaa kwenye pleti ya pembeni au kwenye fremu. Ni sawa na kumwelekeza mgeni Katoro: nenda mpaka kwa mama ntilie, kata kushoto. Mama ntilie akihamisha jiko lake, maelekezo yote yamekufa, ingawa nyumba unayomtuma haijasogea. Watumiaji wa FreeCAD waliteswa na jambo hili kwa miaka mingi, na toleo la 1.0, lililotoka Novemba 2024, limelipunguza sana. Hata hivyo fundi makini haachi tabia yake. Anaweka bapa lililo sambamba na XY, juu ya shafti kwa umbali unaotokana na kipenyo, anauchora mlango hapo, kisha anaukata kuelekea chini hadi kwenye pipa. Pipa likikua, bapa linapanda. Mlango haumwulizi jirani anaitwa nani.

Ukanda huu, kwa kweli, unajua gharama ya kuanzia mahali pasipo sahihi kuliko sehemu nyingi. Leseni ya uchimbaji mdogo wa dhahabu ina mwisho wa hekta 10, na mipaka yake ni namba za pembe zake kwenye ramani. Namba hizo zimezoeleka kuandikwa kwa mfumo wa Arc 1960, ambao ramani za Afrika Mashariki zimejengwa juu yake, wakati simu iliyo mfukoni mwa mchimbaji inasoma WGS84. Mifumo hiyo miwili inapishana ardhini, katika eneo hili, kwa kiasi cha mita 300. Hekta 10 zikiwa mraba, kila upande una mita 316. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kunakili namba za leseni yake bila kukosea hata tarakimu moja, akaziingiza kwenye simu isiyorekebishwa, na kusimama ndani ya kiwanja cha jirani huku akiapa kwamba ni chake. Umbo la kiwanja ni sahihi, ukubwa ni sahihi. Ni ule mstatili unaoteleza kwenye kioo, isipokuwa sasa una watu na sururu juu yake.

Baada ya mlango, puli na mkanda. Mkanda hauna akili nyingi: ukiwa na puli mbili zilizo kwenye bapa moja, unatulia; moja ikiwa mbele ya nyingine hata kidogo, unapanda ukingo, unalika upande mmoja, unaruka. Kwa hiyo fundi anaunda bapa moja la mkanda, nje ya beringi ya kulia, na kwenye bapa hilohilo anachora katikati ya mfereji wa puli kubwa ya pipa na ya ile ndogo inayoivuta. Haziwezi kupishana tena, hata akihamisha injini mbele au nyuma kukaza mkanda, kwa kuwa ruhusa aliyoiacha ni ya kusogea ndani ya bapa tu. Kuacha mchezo mmoja wazi kwa makusudi ni ufundi uleule wa kuifunga mingine. Siku ya kufunga mashine, kagua kwa uzi uliokazwa kwenye nyuso za puli mbili: ukigusa sehemu nne, kingo mbili za kila puli, mabapa ya kompyuta yamefika kwenye chuma. Ukigusa tatu, sogeza injini. Kinga ya mkanda, ambayo wengi huiruka ili kuokoa anglaini mbili na wavu, inatoka kwenye bapa hilohilo karibu bure. Sioni udhuru wa kuiacha.

Sasa sakafu. Unga uliosagwa unamwagwa chini ya pipa, na mtu anahitaji kuingiza beseni na koleo bila kujikwaruza mgongo. Tuseme nafasi hiyo ni milimita 400. Kimo cha shafti kutoka sakafuni basi ni nusu ya kipenyo jumlisha 400: kwa pipa la 780, ni milimita 790. Fundi haandiki 790. Anaandika hesabu yenyewe, nusu ya kipenyo jumlisha nafasi ya beseni, na kuliweka bapa la sakafu umbali huo chini ya nukta. Ukibadilisha kipenyo kuwa 900, shafti inabaki ilipo na sakafu ndiyo inayoshuka. Miguu ya fremu, iliyofungwa juu kwenye beringi na chini kwenye bapa hilo, inarefuka yenyewe.

Mtu wa kawaida akiliona hilo kwenye kioo anacheka. Ardhi ya Katoro haijawahi kushuka kwa sababu fulani kaagiza karasha kubwa. Lakini fikiria ingekuwa kinyume: sakafu ndiyo sifuri, na shafti ndiyo inayopanda. Kila tundu, kila beringi, kila puli ingebidi ipande nayo, kila moja kwa sharti lake, na sharti moja likisahauliwa kitu kimoja kinabaki chini. Kwa kuchagua shafti, fundi amepunguza vitu vinavyohama kutoka vyote hadi kimoja. Na kile kimoja ni kile ambacho kimeundwa kubeba tu, kisicho na haja ya usahihi wa milimita. Miguu ikizidi au kupungua kidogo, kuna vipande vya pleti vya kutia chini.

Mchoro hauondoi udhia wa chuma. Pleti iliyovuka kutoka Mwanza, siku hizi juu ya daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 na zamani kwa kivuko, inaweza kuuzwa kama ya milimita 10 na kupimwa 9.4. Fundi anaipima mwenyewe, anaandika 9.4 kwenye jedwali, na mzingo wa kukata unajirekebisha. Joto la kuchomelea linavuta pleti za pembeni, kwa hiyo anashikiza kwanza kwa nukta chache, anakagua, anachomelea huku na huku kwa kupokezana. Beringi nyingi za siku hizi zinajirekebisha kidogo ndani ya nyumba zake na kusamehe pembe ndogo. Hazisamehi uvivu.

Mteja yuleyule anarudi baada ya msimu. Karasha haijamsumbua, amepata fedha, anataka mapipa mawili yavutwe na injini moja iliyo katikati yake. Fundi hachori karasha ya pili. Anaweka bapa moja jipya, sambamba na YZ, katikati ya injini, na kuamuru mashine nzima iakisiwe upande wa pili wa bapa hilo: pipa, beringi, puli, fremu, miguu hadi sakafuni. Puli mbili zinatazamana kuelekea kwenye injini, kila moja na bapa lake la mkanda. Kazi hiyo inamalizika kabla mteja hajamaliza soda. Kilichobaki ni kumuuliza kama injini yake ina nguvu za kuvuta yote mawili yakiwa yamejaa, na hilo mchoro haulijui.